Kizazi hakihitaji kusafishwa

Dawa za kusafisha kizazi hupatikana Ujiji na Kigoma mjini za aina mbili. Kuna za waganga wa hapa, yaani mizizi na magome ya kuchemsha kwa ajili ya kile kinachoitwa chango la uzazi. Kuna pia za asili ya India, za tiba ya Ayurveda: unga wa shatavari, magome ya ashoka, uwatu, manjano, mwarobaini. Msomaji wa Ujiji anauliza ipi kati ya hizo inamfaa mwanamke anayeumwa sana tumbo siku za hedhi, ambaye sasa hajaiona hedhi kwa miezi miwili. Jibu linaanzia kwenye imani iliyozipa dawa hizi soko, kwamba damu ya mwezi ni uchafu, na isipotoka hujikusanya tumboni na kuleta uvimbe au utasa.

Imani hiyo si kweli. Damu ya hedhi ni damu ileile ya mishipani, iliyochanganyika na utando ambao mji wa mimba huujenga kila mwezi kujiandaa kupokea ujauzito. Ikikawia kutoka huwa nyeusi, na mabonge madogo ni damu iliyoganda tu. Hedhi inapokosekana, mara nyingi sababu ni kwamba utando haukujengeka au bado unahitajika. Anayetumia sindano au vijiti vya uzazi wa mpango anaweza kukaa miezi mingi bila kuona siku zake kwa sababu dawa huufanya utando ubaki mwembamba. Hakuna damu iliyofichika mahali popote. Hata hivyo wengi huacha uzazi wa mpango kwa hofu hiyo, wakanywa mizizi ya "kufungua", wakarudi kliniki na mimba wasiyoitarajia. Damu hukusanyika kweli kwa msichana aliyezaliwa na njia iliyoziba, ambaye hajawahi kuvunja ungo lakini tumbo humuuma kila mwezi. Hali hiyo ni nadra, na tiba yake ni upasuaji mdogo hospitalini.

Mbaya kuliko dawa za kunywa ni zile za kuweka ukeni: vifundo vya kitambaa vilivyojazwa unga wa mitishamba, ugoro, au mvuke wa majani yaliyochemshwa. Muuzaji humwambia mteja asubiri siku mbili au tatu aone uchafu ukitoka, na kweli hutoka vipande vyeupe vyenye utelezi. Vipande hivyo ni ngozi laini ya uke iliyochubuliwa na dawa yenyewe. Kadiri dawa inavyounguza, ndivyo "uchafu" unavyozidi, na mteja anaamini amepona. Uke una bakteria wake wanaoulinda kwa kutengeneza asidi. Wakiuawa, fangasi na maambukizi mengine hupata nafasi, na michubuko hurahisisha kuingia kwa virusi vya Ukimwi. Maambukizi yakipanda hadi kwenye mirija, kovu linalobaki linaweza kuiziba. Ndiyo maana baadhi ya waliotafuta dawa ya kuzaa huishia kupoteza uwezo wa kuzaa.

Hedhi iliyopotea miezi miwili haihitaji dawa yoyote kabla ya kupima mimba. Kipimo cha mkojo hupatikana kwenye maduka ya dawa na majibu hutoka kwa dakika chache. Anayekunywa dawa ya kuteremsha hedhi bila kupima anaweza kuwa na mimba iliyotunga nje ya kizazi, ambayo inaweza kupasua mrija katika wiki za mwanzo. Dalili zake ni maumivu ya upande mmoja wa tumbo la chini, damu kidogo kidogo, kizunguzungu, na wakati mwingine maumivu ya bega. Mitishamba haizuii mrija kupasuka. Anayeishi kando ya Ziwa Tanganyika, kama Kalya au Buhingu, huenda akategemea boti na hali ya ziwa ili afike Kigoma. Akingoja siku tatu nyumbani aone kama dawa itafanya kazi, anaweza kufa kwa damu inayovujia tumboni. Kungoja huko hakuna udhuru.

Si kila kitu cha Ayurveda kinastahili kutupwa. Tangawizi imefanyiwa majaribio mengi, na nusu kijiko hadi kijiko kimoja cha chai cha unga wake kwa siku, katika siku tatu za mwanzo za hedhi, hupunguza maumivu. Chupa ya maji ya moto juu ya tumbo husaidia, na ibuprofen baada ya kula huwafaa wasio na vidonda vya tumbo wala ujauzito. Uwatu wa kupikia hauna neno, ila dozi kubwa hushusha sukari na haimfai mjamzito. Tahadhari kubwa ni kwa vidonge na unga uliosagwa tayari. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008 ulipima dawa 193 za Ayurveda zilizouzwa kwenye intaneti, na takriban moja katika kila tano ilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Risasi hudhoofisha utengenezaji wa damu na humfikia mtoto aliye tumboni. Tanzania ina Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala chini ya sheria ya mwaka 2002, ambalo husajili dawa hizi. Dawa isiyosajiliwa hainunuliwi, hata muuzaji awe jirani.

Kliniki ni lazima, bila kupitia kwa mganga kwanza, kwa anayelowesha pedi kila saa moja au mbili, anayetokwa damu zaidi ya siku saba, anayepata mabonge makubwa, au ambaye maumivu yake yanazidi mwezi hadi mwezi. Damu baada ya tendo la ndoa au baada ya kukoma hedhi huhitaji uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi, saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Anayechoka na kuhema kwa sababu ya kupoteza damu apimwe wingi wa damu na apewe vidonge vya madini ya chuma. Dagaa, maharage na mboga za majani husaidia, ilhali chai ya rangi pamoja na mlo, na udongo unaotafunwa, huzuia madini hayo kufyonzwa. Mgonjwa aende na tarehe ya hedhi ya mwisho na kifungashio cha kila dawa aliyotumia, ikiwemo ya mganga.