Majivu ya Alizeti na Maji Magumu

Kama unakaa Dodoma au Singida, huenda kisima chenu kina maji yasiyopatana na sabuni. Unasugua nguo, povu hakuna. Unaona utando mweupe tu unaelea. Nguo inakauka kavu kama gome, na kipande cha sabuni kimekwisha. Maji hayo huitwa maji magumu.

Ugumu unatoka wapi? Maji yakipita chini ya ardhi huyeyusha madini ya mawe, hasa kalsiamu na magnesiamu. Ukitia sabuni, madini hayo huikamata kwanza. Sabuni iliyokamatwa haifui kitu, lakini umeinunua.

Dawa yake ipo jikoni. Majivu ya vichwa vitupu vya alizeti, ya magunzi ya mahindi na ya maganda ya ndizi yana chumvi iitwayo potashi. Chumvi hiyo hugeuza kalsiamu kuwa unga mweupe unaotua chini. Lakini usichome mabua shambani kwa ajili hii, ng'ombe watakula nini? Pikia magunzi na vichwa vya alizeti, kisha chukua majivu.

Chekecha majivu yaliyopoa. Toboa matundu chini ya kopo la bati, tandika nyasi kavu, jaza majivu. Mimina maji kidogo kidogo. Yanayochuruzika yanateleza mkononi: hayo ndiyo maji ya majivu. Yapokee kwa chungu au ndoo ya plastiki. Sufuria ya alumini hapana, yanaila.

Sasa kipimo. Hapa ndipo tulipokosea sisi walimu. Mara ya kwanza darasani tulimimina kopo zima katika ndoo moja, tukidhani yakizidi ndiyo bora. Povu lilitoka, kweli. Lakini mama aliyefua siku hiyo alipasuka viganja, akakaa siku tatu hawezi kushika jembe. Tulimwomba radhi mbele ya wenzake. Tangu hapo tunapima hivi:

Chukua chupa 4. Tia kila moja kikombe 1 cha maji ya kisima. Ya kwanza iache hivyo hivyo. Ya pili tia kijiko 1 cha chai cha maji ya majivu, ya tatu vijiko 2, ya nne vijiko 3. Acha hadi asubuhi. Mimina maji ya juu polepole katika chupa safi, tia vipande vya sabuni vilivyo sawa, tikisa. Chagua yenye vijiko vichache zaidi ambayo povu lake linakaa. Ikiwa ni kijiko 1, na ndoo yako inachukua vikombe 40, utatia vijiko 40. Acha ndoo itue usiku kucha, fulia maji ya juu. Kisima kingine, pima upya.

Maji haya ni ya kufulia tu. Usinywe, usipikie. Weka mbali na watoto. Yakiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi, kisha wahi zahanati. Majivu ya plastiki au ya mbao zilizopakwa rangi usitumie kabisa.

Maswali ya darasa
1. Ndoo yako inachukua vikombe vingapi?
2. Kipande kimoja cha sabuni hufua nguo ngapi kwako? Andika leo, uhesabu tena baada ya mwezi.