KUMZOEZA FARASI KIJANA TANDIKO NA MPANDAJI

Farasi mpole huwadanganya wengi. Saisi asiye na ujuzi akimwona amesimama kimya hudhani kwamba amekwisha kukubali kila jambo, akamtandika na kumpanda siku iyo hiyo. Mara farasi huruka, mtu huanguka na kuvunjika mkono, na farasi hujifunza jambo baya: ya kuwa aweza kumtupa mpandaji. Kumwondolea tabia hiyo ni kazi kubwa.

Sababu ni hii: tangu asili farasi huwindwa na wanyama wakali, nao humrukia mgongoni. Kwa hiyo kila kitu kipya mgongoni humtia hofu, hata akiwa mpole.

Kwanza, umri wake utazamwe. Wengi hungoja atimize miaka 3, na hata hapo humpa kazi nyepesi, kwa maana mifupa ya mgongo huendelea kukomaa mpaka miaka 5 au 6.

Pili, apewe gunia lililokunjwa alinuse, kisha asuguliwe nalo shingoni, mgongoni na tumboni, upande wa kushoto na wa kulia.

Tatu, tandiko jepesi liwekwe taratibu, vikuku vikiwa vimepandishwa visimpige mbavuni. Mshipi wa tumbo ukazwe kidogo kidogo, huku akiongozwa hatua chache. Lakini usilegee hata tandiko likageuka chini ya tumbo.

Nne, mtu mwepesi, aliyevaa kofia ngumu, alale kifudifudi juu ya tandiko, mwenziwe akishika hatamu, kisha ashuke. Akirudia hivyo mara nyingi bila farasi kushtuka, ndipo apitishe mguu na kuketi polepole. Siku ya kwanza dakika chache zatosha.

Katika kila hatua farasi atazamwe. Akiinamisha kichwa, akipumua pole na kutafuna, ametulia kweli. Akikakamaa, akibana mkia au akizuia pumzi, kimya chake ni cha hofu. Hapo asipigwe wala asilazimishwe. Mafunzo yarudi nyuma hatua moja.

Shauri hili si jipya. Xenophon, Myunani aliyeandika juu ya farasi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alionya kwamba farasi asishughulikiwe kwa hasira. Saisi atakayetumia majuma machache kwa subira atapata farasi wa kutumainiwa kwa miaka mingi. Haraka haraka haina baraka.