Sapoti Naye Kacheza!

Somo letu la leo linahusu jambo linalovunja timu nyingi za gemu, na urafiki pia: mtu amesaidia timu kushinda, halafu hakuna anayemtaja.

Chukua mfano wa Mobile Legends: Bang Bang, gemu la simu lililotoka mwaka 2016. Wanacheza watano dhidi ya watano. Mmoja hushika nafasi ya sapoti. Kazi yake ni kuwaponya wenzake, kuwakinga na kuwaachia dhahabu ili wapate nguvu haraka. Mchezo ukiisha, macho yote yanakimbilia kuangalia nani kaua wengi. Mshambuliaji ana 15, sapoti ana 2. Basi utasikia: "Wewe umefanya nini? Tumekubeba tu!"

Je, ni kweli kabebwa?

Fikiria chombo cha mbao cha wavuvi wa Kigombe, kusini mwa mji wa Tanga. Nahodha anashika usukani, wengine wanavuta nyavu, na mmoja anafua maji yanayoingia chomboni. Huyu mfua maji huenda hakugusa samaki hata mmoja. Lakini asingefua, chombo kingezama na samaki wote. Nani atathubutu kumnyima fungu lake?

Kwenye soka ni vilevile. Katika Kombe la Dunia la mwaka 2010, Afrika Kusini, wachezaji wanne walifunga mabao 5 kila mmoja: Müller, Villa, Sneijder na Forlán. Kiatu cha Dhahabu alipewa Thomas Müller wa Ujerumani. Kwa nini? Alikuwa ametoa pasi 3 za mabao, wenzake mojamoja. Kumbe kumtengenezea mwenzako nako kunahesabika!

Hili linahusu afya?

Ndiyo. Kijana anayedharauliwa kila siku huanza kujiona hafai kitu. Mwingine hukesha na simu ili aonyeshe kwamba naye anaweza kuua. Usingizi unapotea, hasira zinapanda, masomo yanashuka. Na timu nayo inaumia, maana kesho kila mtu atataka kuwa mshambuliaji. Nani atawaponya?

Tufanye nini?

1. Kabla ya kuanza, gawaneni kazi. Kama kuna zawadi, kubalianeni mapema mtaigawaje. Baada ya ushindi ni ugomvi tu.

2. Mpime mtu kwa kazi aliyopewa. Je, sapoti alifika kwa wakati? Alimkinga aliyekuwa hatarini? Kama alizembea, aambiwe bila matusi. Haki si kumwonea mtu huruma.

3. Someni takwimu zote. Overwatch 2, gemu lililotoka mwaka 2022, lina jedwali linaloonyesha pia asisti, uponyaji na madhara yaliyozuiwa. Lakini hata jedwali halioni kila kitu. Aliyewatuliza mlipoanza kugombana hana namba yake.

4. Taja tendo lenyewe. "Asante" ni neno zuri, lakini "ulivyonikinga pale kwenye mnara ndiyo maana tumeshinda" lina uzito zaidi.

5. Pokezaneni nafasi. Msimpe msichana au mdogo wenu usapoti kila siku kwa sababu tu hawezi kukataa. Anayeupenda, aupate kwa hiari yake.

Zoezi la kujadili

Timu ya watu watano imeshinda shilingi 50,000. Hawakukubaliana chochote kabla. Mshambuliaji anasema, "Mimi nimeua wengi, nipeni 30,000." Sapoti amenyamaza, kainamisha kichwa.

Mngegawaje? Kila mmoja atoe jibu na sababu yake. Kisha jibuni swali moja zaidi: nani katika kundi anapaswa kuanza kumsemea yule aliyenyamaza?

Jaribuni pia kwenye timu yenu ya mpira, kwaya, hata kikundi cha usafi wa darasa. Kila mahali yupo anayefua maji. Mnamjua wa kwenu?