Damu imetulia, dawa ya nini?

Swali: Mama ana lukemia sugu ya mieloidi, anameza imatinibu. Hesabu ya damu sasa ni ya kawaida. Je, aache?

Jibu: Pole kwa kuuguza. Asiache, tafadhali. Katika ugonjwa huu, kromosomu ya 9 na ya 22 zilibadilishana vipande, kikazaliwa kimeng'enya BCR-ABL kinachoamuru seli nyeupe zizaliane bila kukoma. Imatinibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001, hukalia pale kwenye kimeng'enya hicho ATP, molekuli ya nishati ya seli, inapojishikiza, amri ikakatika. Lakini inazuia tu. Seli shina kadhaa za lukemia hubaki hai. Hesabu ya damu haizioni. Kinachohitajika ni kipimo cha vinasaba, PCR, cha BCR-ABL. Wapo wanaoacha salama, baada ya miaka ya vipimo vizuri na chini ya daktari. Ameze pamoja na chakula na glasi kubwa ya maji, kichefuchefu kitapungua.