Somo: Mguu Umeumia Kazini, Tufanye Nini?

Ndugu wanakikundi, wengi wetu tuna kijana machimboni au kwenye mjengo. Jiwe linamponda mguu, anafungwa kitambaa, anarudi nyumbani akichechemea. Miaka inapita, hakuna fidia. Kumbe haki ilikuwepo! Sheria ya fidia kwa majeraha ya kazini ilipitishwa mwaka 2007. Tushike hatua hizi:

1. Mwajiri aambiwe mara moja, kwa mdomo au kwa barua. Tukiandika, tubaki na nakala.

2. Mwajiri akishaambiwa, ana siku 7 za kumjulisha Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Gharama ya matibabu ni yake.

3. Daktari aandike yote. "Mguu unauma" haitoshi. Ni kidole gani? Mfupa gani? Kusimama na kutembea kumepungua vipi? Ulemavu wa kudumu hupimwa kwa asilimia, na fidia hufuata kipimo hicho.

4. Madai yafikishwe kabla ya miezi 12 kupita tangu ajali.

5. Tukinyimwa, tusife moyo. Tuna siku 60 za kumpelekea Mkurugenzi pingamizi. Yeye hujibu kwa siku 14. Tusiporidhika na jibu, tuna siku 30 za kukata rufani katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi.

Tujadiliane kikundini:
- Ni nani kwetu aliumia mwaka huu? Amebakiwa na miezi mingapi?
- Karatasi zake ziko wapi?
- Nani atamsindikiza ofisini wiki hii?

Haba na haba hujaza kibaba, lakini siku zikipita hazirudi.