Matawi ya Programu na Dozi ya Mgonjwa: Somo kutoka Mfumo wa OpenMRS

Mhudumu wa afya anapofungua jalada la mgonjwa kwenye kompyuta huona ukurasa mmoja tu: jina, majibu ya maabara, dawa alizoandikiwa, tarehe ya kurudi kliniki. Ukurasa huo, hata hivyo, haukutengenezwa na mkono mmoja. Nyuma yake zimo programu kadhaa zinazotegemeana, kila moja ikiwa na watunzaji wake na ratiba yake. Makala hii inaeleza jinsi programu hizo zinavyooanishwa, na kwa nini kazi hiyo, ambayo hudhaniwa kuwa ya mafundi peke yao, humfikia mgonjwa katika dozi anayomeza.

Mfano wetu ni OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulio wa chanzo huria. Yaani, maandishi yake ya ndani, au msimbo, yako wazi kwa yeyote kuyasoma na kuyarekebisha. Ulianza mwaka 2004, wataalamu wa Taasisi ya Regenstrief ya Indiana, Marekani, walipokuwa wakisaidia kliniki za VVU za Eldoret, Kenya. Shirika la Partners In Health lilijiunga mapema. Eldoret ilianza kuutumia Februari 2006, na leo KenyaEMR na UgandaEMR zimejengwa juu ya msingi huohuo.

OpenMRS ina kiini, na ina moduli zinazopachikwa juu ya kiini hicho. Kiini hutunza mambo ya msingi: mgonjwa, ziara, kipimo, agizo la dawa. Moduli huongeza shughuli mahususi, kama vile fomu na ripoti. Moduli ya ripoti haina daftari lake la dawa. Kila inapohitaji kujua mgonjwa anatumia nini, hukiuliza kiini kwa namna ya swali waliyokubaliana. Kiini kikibadili namna ya kujibu bila moduli kubadili namna ya kuuliza, ama moduli hukataa kuwaka, ama hupokea jibu na kulielewa vibaya. Hali ya kwanza huudhi. Ya pili ndiyo ya kuogopwa, kwa kuwa hakuna taa nyekundu inayowaka.

Mabadiliko hayo hufanyika katika matawi. Tawi ni nakala ya msimbo inayoendelezwa kwa njia yake. Katika tawi kuu huingizwa mambo mapya. Kando yake hubaki matawi ya matunzo, moja kwa kila toleo linaloendelea kutumika, ambayo hupokea hasa masahihisho. Wahudumu wanaijua hali hii: mwongozo mpya wa tiba unapoandaliwa, wa zamani haufutwi siku hiyo, na kwa muda wodi moja hufuata huu na nyingine ule. Hitilafu ya dozi ikigunduliwa na kusahihishwa katika tawi kuu pekee, kituo kilicho kwenye toleo la zamani kitabaki nayo mpaka mtu alirudishe sahihisho hilo katika tawi la matunzo. Kazi hii ya kurudisha haina sifa wala shangwe, na huahirishwa kwa urahisi.

Tuchukue tukio halisi. Kabla ya toleo la 1.10, lililotoka mwaka 2014, kizio cha dozi katika agizo la dawa kilikuwa maandishi huru. Mmoja aliandika “mg”, mwingine “MG”, mwingine “tab”, mwingine “tembe”. Toleo la 1.10 lilitaka kila kizio kiwe dhana iliyosajiliwa katika kamusi ya mfumo. Vilevile agizo lililokwisha kuwekwa halikuruhusiwa tena kufutwa na kuandikwa upya juu yake: daktari akibadili dozi, huundwa agizo jipya linalorejea lile la awali, na akisimamisha dawa, hilo nalo ni agizo. Kitabibu yalikuwa maendeleo makubwa, kwani historia ya dawa haipotei. Lakini moduli iliyoandikwa kwa desturi ya zamani, ikitarajia agizo moja linalohaririwa, ilipaswa kuandikwa upya ili isihesabu maagizo mawili pale ambapo mgonjwa ana dawa moja.

Data za zamani nazo zilihitaji kuvushwa. Kabla ya kuhamia 1.10, kituo kiliandaa faili lenye orodha: andiko hili la zamani ni sawa na dhana hii mpya. Andiko likikosekana katika orodha, mfumo ulikataa kuendelea. Kukataa huko kulikuwa hekima, ila hakukuweza kuona zaidi ya hapo. Ikiwa mtu aliandika “kijiko”, ni cha chai cha mililita 5 au ni kikubwa cha mililita 15? Fundi akioanisha kwa kukisia, faili hukamilika, mfumo huwaka vizuri, na dozi ya mtoto inaweza kuwa mara tatu. Kwa maoni yangu orodha kama hiyo ni hati ya kitabibu, na haifai kutiwa saini bila mfamasia kuisoma.

Watunzaji wana zana za kupunguza hatari. Kila moduli hubeba tamko la toleo la kiini inalohitaji na moduli nyingine inazozitegemea. Sharti lisipotimia, haiwashwi. Udhaifu wa tamko hilo ni kwamba mara nyingi hutaja toleo la chini tu, hivyo moduli hudai kuafikiana hata na matoleo ambayo hayajazaliwa. Njia nyingine ni kuweka ndani ya moduli sehemu tofauti kwa kila toleo, mojawapo ikiwashwa kulingana na kiini kilichopo. Namna ya kuuliza inayokusudiwa kuondolewa huwekewa kwanza alama ya kuachwa na kuendelea kufanya kazi kwa muda, ili wenye moduli wapate nafasi ya kuhama.

Kilicho muhimu kuliko vyote ni majaribio ya kompyuta yanayorudiwa kila msimbo unapobadilika, moduli ikipimwa dhidi ya kila toleo la kiini inalodai kulihudumia. Hapa kuna mtego. Moduli ikijengwa juu ya nakala ya tawi kuu ambayo bado inabadilika, jaribio la leo halithibitishi la kesho: moduli haijaguswa, ila ardhi chini yake imesogea. Kwa sababu hiyo, toleo la moduli linalopelekwa kituoni hufungwa kwenye toleo la kiini lililokwisha kutolewa rasmi.

Majaribio hayo hupima msimbo. Hayajui kama dozi inamfaa mgonjwa. Ndiyo maana kituo kinachopandisha toleo huanza na nakala ya hifadhidata, si ile inayotumika. Kabla ya hapo wahudumu huchagua majalada machache yenye ugumu: mtoto anayepimiwa dawa kwa uzito, mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini, mtu aliyebadilishiwa dawa za VVU, mwenye dawa iliyosimamishwa. Orodha zao za dawa huchapishwa, kisha hulinganishwa mstari kwa mstari na zile za toleo jipya. Jumla za ripoti za mwezi uliopita nazo hulinganishwa.

Mgonjwa naye anaweza kuwa wa kwanza kuona kasoro. Akikuta tembe mbili pale alipozoea moja, na hakuna aliyemweleza kuwa dozi imebadilishwa, aulize kabla ya kuondoka kwenye dirisha la dawa. Mhudumu alinganishe na kadi ya kliniki, athibitishe na aliyeandika dawa, kisha amjulishe fundi akitaja namba ya toleo la kiini na ya moduli husika. Namba hizo huonekana kwenye kurasa za msimamizi wa mfumo, na bila hizo fundi hawezi kujua atafute kosa katika tawi lipi.