HODI, SEVA! Jinsi Tarakilishi Moja Inavyozungumza na Nyingine

Leo ningependa tuketi kidogo nikueleze namna tarakilishi moja inavyobisha hodi kwa nyingine na kujibiwa. (Wengine husema kompyuta, na kuna wanaoshikilia ngamizi. Mimi nitatumia tarakilishi kwa kuwa ndilo neno tulilozoea darasani.)

Mambo yalianza muhula uliopita. Maktaba yetu ina daftari kubwa lililochakaa, na ukitaka kujua kama kitabu fulani kipo ni lazima upange foleni. Mimi na rafiki yangu tukajitia ujuzi, tukaahidi mbele ya chama kizima kwamba tutaandika programu mbili. Yake ingekaa maktabani na orodha ya vitabu, ikingoja maswali. Hiyo ndiyo seva. Yangu ingekaa maabara, itume jina la kitabu na kusubiri jibu. Hiyo ndiyo programu-mteja. Mwenye duka hawafuati watu barabarani. Mteja ndiye huja na kuuliza.

Mteja huyo anahitaji kujua anwani na mlango. Fikiria Adams Arcade hapa Ngong Road. Ukimwambia mtu, "Tukutane Adams," bado hajui aingie duka lipi. Vivyo hivyo tarakilishi moja yaweza kuwa na seva nyingi, kila moja na nambari yake ya mlango, mpaka 65,535. Kurasa za mtandao kwa kawaida hutumia mlango wa 80, na zile zenye usiri 443. Sisi tulichagua 5000 kwa sababu ulikuwa mtupu.

Hii hapa programu yangu ya kwanza, katika lugha ya Python:

import socket
simu = socket.create_connection(("192.168.0.12", 5000))
simu.sendall(b"Kamusi")
jibu = simu.recv(1024).decode()
print(jibu)
simu.close()

Mstari wa pili unapiga simu, wa tatu unatuma swali. Wa nne unangoja jibu, na hapa kungoja ni kungoja kwelikweli: programu inasimama papo hapo mpaka kitu kifike. Mistari iliyobaki inaandika jibu kwenye kioo na kukata simu.

Tukaijaribu. Kimya! Dakika ya kwanza, ya pili, ya tano.

"Programu yako ni bubu," rafiki yangu akasema.

"Na yako ni kiziwi!"

Watu wa kidato cha pili walikuwa wakitutazama. Tulimaliza siku mbili bila kusalimiana, na maonyesho ya chama yalikuwa wiki iliyofuata.

Siku ya tatu nikaenda saiba moja karibu na Adams, shilingi moja kwa dakika, nia yangu ikiwa kumwaibisha. Niliandika seva ndogo yangu mwenyewe na kuziendesha programu zote mbili katika mashine moja. (Anwani 127.0.0.1 humaanisha "mimi mwenyewe", kwa hivyo huhitaji mashine ya pili.) Ikajibu mara moja! Nilifurahi mpaka nilipoambiwa nilipe shilingi arobaini, ambazo ndizo zilikuwa nauli yangu ya kwenda Kawangware.

Basi nikaanza kutembea. Kwenye lango moja la maduka soja alikuwa akiongea na mwenzake kwa redio ya mkononi. Kila akimaliza anasema, "Ova," ndipo yule mwingine anajibu. Asiposema ova, mwenzake ananyamaza akidhani bado anaendelea. Nilisimama pale kama mti. Programu yangu haikusema ova!

Asubuhi nikamwomba rafiki yangu anionyeshe seva yake. Kumbe aliiagiza isome mpaka mwisho wa mstari, nami sikutuma mwisho wa mstari. Seva ilikuwa ikingoja niendelee, na mimi nikingoja inijibu. Seva yangu ya saiba ilipokea chochote kilichofika, ndiyo maana haikulalamika. Dawa ilikuwa ndogo ya kuchekesha: b"Kamusi\n". Ule mkwaju uliogeuka na herufi n ni sawa na kubonyeza Enta. Hakuna aliyekosea peke yake, hatukuwa tumekubaliana. Makubaliano ya aina hiyo huitwa itifaki, nasi tulirukia programu kabla ya kuyaandika. Nilimwomba msamaha. Naye akaniomba, ingawa alichelewa kidogo.

Jambo jingine: njia hii ya mawasiliano ni kama maji ya bomba, si kama bahasha za posta. Jibu refu laweza kufika vipande vipande, na recv ikakupa nusu tu. Kwa hivyo rudia kusoma mpaka uone alama ya mwisho.

Je, maneno hayo hupitia wapi? Yetu hayatoki nje ya ua la shule. Lakini zamani, ujumbe wa mtu wa Nairobi kwenda kwa mwingine wa Nairobi, ikiwa kampuni zao za intaneti ni tofauti, ulirushwa kwa setilaiti hadi ng'ambo, kisha ukarudishwa. Setilaiti hizo ziko kama kilomita 36,000 juu ya ardhi. Hesabu: kupanda na kushuka mara mbili ni kilomita 144,000, na jibu vilevile. Hata kwa kasi ya mwanga, kilomita 300,000 kwa sekunde, ni karibu sekunde nzima kumuuliza jirani yako! Mwishoni mwa mwaka 2000 kampuni hizo zilifungua KIXP, kituo cha kubadilishana ujumbe papa hapa Nairobi. Telkom Kenya ikalalamika kwamba ina haki ya pekee, na tume ya mawasiliano ikaamuru kifungwe. Kilifunguliwa tena Februari 2002. Kebo ya baharini ya Seacom ilianza kazi Mombasa Julai 2009.

Siku ya maonyesho seva yetu ilijibu, isipokuwa mara moja kebo ilipong'olewa na mguu wa mtu. Sasa iko maktabani, mlango wa 5000. Atakaye kuibishia hodi aje Alhamisi baada ya michezo, na asisahau kusema ova.